Kuvisha boti ya plaiwudi faiba na epoksi: kilo ngapi, na baridi hii ya Julai?

Mkuku_Pasua (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Naunda boti ndogo ya kutumia bwawa la Nyumba ya Mungu. Nimefika hatua ya kuivisha faiba na sitaki kuharibu mbao ambazo zimeshanigharimu.

Vipimo: urefu mita 4.5, sakafu bapa yenye upana wa mita 1.1 pale katikati, ubavu una kimo cha sentimita 45. Sakafu ni marini bodi ya milimita 12, ile ya kahawia ya hadwea. Ubavu ni plaiwudi ya kawaida ya milimita 6. Mataruma (mbao za mifupa ya ndani) ni paini. Nimeunga kwa skrubu na gundi nyeupe ya mbao. Tezi (ukuta wa nyuma wa boti) itabeba injini ya nje ya nguvu farasi 8.

Maswali yangu:

Fundi mmoja anayetengeneza mapaa ya magari ya watalii huko Arusha ananishauri nichukue rezini anayotumia yeye pamoja na mati (mkeka wa nyuzi za faiba). Wengine wanasema epoksi, na epoksi bei yake ni mara kadhaa. Tofauti ipo kweli au ni majina tu?

Nikienda na epoksi, ninunue kilo ngapi? Sitaki nipungukiwe katikati ya kazi halafu nisubiri mzigo wa basi kutoka Dar.

Nivishe nje tu, au na ndani?

Kipimajoto bandani kinasoma 16 asubuhi na 24 mchana. Nifanye sasa au ningoje Septemba?

Mzee_wa_Duluti (Tengeru)

Kijana, kabla ya rezini tuanze na mbao, maana hapo ndipo utapoteza boti.

Hiyo marini bodi ni ya kumwagia zege. Jina limewaponza wengi. Ile ngozi ya kahawia ni karatasi iliyolowekwa rezini ya fenoli, na imewekwa makusudi ili zege lisinate. Zege lisiponata, epoksi nayo haitanata. Utaiona imeshika vizuri siku ya kwanza, kisha baada ya msimu mmoja wa jua na maji unaingiza kucha pembeni na kitambaa chote kinabanduka kama ngozi ya ndizi. Ukitaka kuitumia, ng'oa ngozi yote kwa msasa namba 40, malizia na namba 80, mpaka uone rangi ya mbao kila mahali, juu na chini. Usiache hata madoa. Grenda yenye diski ya msasa inafanya haraka, lakini ukiisimamisha mahali pamoja sekunde mbili umeshachimba shimo, kwa hiyo itembeze.

Pili, gonga sakafu nzima kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu, ndani pana uwazi kati ya tabaka. Toboa tundu la milimita 4, ujaze epoksi kwa bomba la sindano. Uwazi ukiwa mkubwa kuliko kiganja, badilisha ubao.

Tatu, chemsha. Kata vipande vya sentimita 10 kwa 10, kimoja cha marini na kimoja cha hiyo plaiwudi ya ubavuni. Vichemshe saa 6, viache vikauke, rudia mara moja. Kisha ingiza patasi kati ya tabaka. Zikiachana kama chapati, gundi yake ni ya makabati ya ndani na hiyo plaiwudi haifai kwenye maji hata ukiivisha dhahabu. Nina wasiwasi zaidi na hiyo ya milimita 6 kuliko marini.

Nne, gundi nyeupe hulainika ikikaa na unyevu. Huna haja ya kubomoa yote, kwa sababu kona za ndani zikijazwa epoksi na kufunikwa utepe wa faiba ndizo zitakazobeba mzigo. Ila tezi ifungue. Injini ya farasi 8 inasukuma na kutikisa pale saa zote, gundi ile haitavumilia. Na popote gundi nyeupe ilipofurika nje ya maungio, ikwangue mpaka mbao, maana epoksi hainyweki kupitia gundi.

Unyevu wa mbao: chukua kipande cha taruma, kipime kwenye mzani wa jikoni, kiweke kwenye oveni kwenye nyuzi 100 hivi, na ukipime kila baada ya saa moja mpaka uzito uache kushuka. Kikitoka gramu 112 hadi 100, unyevu ni asilimia 12. Hapo ndipo mwisho wa kukubali. Kikitoka 120, anika ndani ya banda wiki mbili nyingine. Paini inayouzwa kando ya barabara mara nyingi ni mbichi.

Mkuku_Pasua

Shikamoo mzee. Nashukuru sana. Kumbe "marini" ni ya zege! Sufuria imeshapanda jikoni.

Mzee_wa_Duluti

Marahaba. Usitumie sufuria ya ugali, hiyo gundi ikitoka ni sumu.

Mati_UngaLtd (Arusha)

Nitetee kidogo upande wa gereji, maana humu kila mtu ataiponda polista, ndiyo rezini ya yule fundi wa mapaa.

Rezini ya polista si mbaya. Matenki, mapaa ya magari, boti zinazotolewa kwenye moldi zikiwa faiba tupu, zote ni polista na zinadumu. Inaganda haraka, dawa yake inawekwa asilimia 1 hadi 2 tu, na ukikosea kidogo bado itashika. Tatizo ni pale unapoiweka juu ya mbao. Polista husinyaa inapoganda, haipenyi mbao vizuri, na ni ngumu bila kunyumbulika. Mbao inavimba na kusinyaa kila siku, polista haifuati. Matokeo yake ni ganda la faiba lililokaa juu ya mbao bila kuishika, maji yanaingia kwenye ufa mdogo, na yakishaingia hayatoki. Mbao inaoza ndani huku nje panang'aa.

Kwa hiyo kwa boti ya mbao, mkuu, mimi mwenyewe nasema epoksi. Ila angalia jambo hili: mati za gereji, zile za nyuzi zilizokatwakatwa, zimeshikizwa pamoja na gundi inayoyeyuka ndani ya polista. Kwenye epoksi gundi ile haiyeyuki. Mati inabaki nyeupe, ngumu kama kadibodi, inakataa kukaa kwenye kona na inakunywa rezini mara mbili au zaidi ya uzito wake. Ukinunua epoksi, nunua kitambaa kilichofumwa. Usichanganye vya huku na vya kule.

Na usiweke polista juu ya epoksi kwa kudhani unaokoa pesa. Haishiki vizuri, na mara nyingi upande wa chini unabaki unanata. Epoksi juu ya polista iliyokauka na kupigwa msasa inakubali, kinyume chake hapana.

Nyongeza ya usalama kwa watakaotumia polista kwa kazi nyingine: ile dawa ya kugandisha na ile ya kobalti ya kuharakisha zisikutane zenyewe kwa zenyewe hata tone. Zinalipuka. Moja ichanganywe kwenye rezini kwanza, ikoroge, ndipo ya pili. Na dawa ikiruka jichoni inaweza kukupofusha, vaa miwani.

Hadina_100kwa43 (Njiro)

Nijibu swali la kilo, twende kwa hesabu ili ukibadilisha vipimo uweze kupiga mwenyewe.

Sakafu, ukizingatia inavyopungua kuelekea omo (mbele), ni kama mita za mraba 4.6. Mbavu mbili, 4.5 mara 0.45 mara 2, ni kama 4. Jumla nje tuseme 8.7 pamoja na tezi. Ndani ni hivyo hivyo.

Kitambaa nakushauri kile cha gramu 200 kwa mita ya mraba, tabaka moja nje kote, na tabaka la pili kwenye sakafu tu kwa sababu ya mawe ya ufukweni. Kwa mkono, bila mashine ya kunyonya hewa, kitambaa kinakunywa rezini sawa na uzito wake. Hesabu:

Kupaka mbao tupu kwanza nje, gramu 130 kwa mita: kilo 1.1.
Kulowesha tabaka la kwanza: kilo 1.8.
Tabaka la pili sakafuni: kilo 0.9.
Mipako miwili ya kujaza mashimo ya ufumaji, gramu 120 kila mmoja: kilo 2.1.
Ndani, mipako miwili: kilo 2.1.
Kona za ndani, kama mita 16 za maungio, kila kona ikiwa na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 20: karibu lita moja na nusu ya uji (epoksi iliyotiwa unga iwe nzito), humo epoksi halisi ni kama kilo 1.2.
Utepe wa kona wa sentimita 10: kilo 0.4.

Inakuja kilo 9.6. Ongeza asilimia 15 ya kinachobaki kwenye makopo, rola na sakafu ya banda. Nunua kilo 11, rezini na hadina (kigandishi chake) kwa pamoja. Kitambaa nunua mita za mraba 17, kwa kuwa utakata mapande na kulaza kimoja juu ya kingine sentimita 5 kwenye maungio.

Sasa jambo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote: uwiano. Soma kopo uone kama uwiano umeandikwa kwa ujazo au kwa uzito. Si kitu kimoja. Hadina ni nyepesi kuliko rezini, kwa hiyo epoksi ya 2 kwa 1 kwa ujazo inaweza kuwa 100 kwa 43 kwa uzito. Ukipima 100 kwa 50 kwenye mzani umezidisha hadina, na haitakomaa kamwe. Na hapa wenzetu wa polista hukosea kwa mazoea: kwenye polista ukitaka igande haraka unaongeza dawa. Kwenye epoksi hadina si dawa ya kuharakisha, ni nusu ya chakula chenyewe. Kila chembe ya rezini inatafuta mwenzake wa hadina, kinachokosa mwenzi kinabaki kinanata milele. Ukitaka haraka, nunua hadina ya haraka au ongeza joto.

Mzani wa kidijitali wa jikoni unaosoma gramu 1 unatosha kwa makopo ya gramu 200 na kuendelea. Chini ya gramu 50 kosa la gramu moja linaanza kuuma.

Mkuku_Pasua

Mkuu, hapo kwenye hadina umenishtua, nilikuwa na mpango wa "kuongeza kidogo kwa sababu ya baridi". Je, ndani ni lazima? Maji yako nje.

Mzee_wa_Duluti

Ndani ndiko boti nyingi zinakofia. Maji ya mvua, tope la miguuni, samaki, maji yanayoingia na nanga, vyote vinakaa kwenye kona za mataruma. Na bwawani ni maji baridi, hayana chumvi. Chumvi huzuia kuvu inayoozesha mbao, maji ya mvua na ya bwawa hayazuii. Ukivisha nje tu na ndani ukaacha wazi, unyevu unaingia kutoka ndani, unafika kwenye ganda la nje na kukwama hapo. Ni kama kumvalisha mtu koti la mvua aliyekwisha lowa.

Kitambaa ndani si lazima zaidi ya utepe wa kona na sehemu unayokanyaga. Lakini epoksi mipako miwili kila mahali, na hasa kwenye ncha za mbao zilizokatwa. Ncha zinakunywa maji kama mrija. Zipake mara tatu mfululizo kabla hazijakauka, mpaka ziache kunyonya.

FaibaSakina (Arusha)

Hakuna aliyegusa siku yenyewe ya kulaza kitambaa, basi niingie hapo.

Pindua boti, sakafu juu. Kingo zote za nje zizungushe kwa randa na msasa ziwe na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 8 au zaidi. Kitambaa hakikubali kona kali. Kitainuka, kitaacha hewa chini yake kwa urefu wa kona nzima, na hapo ndipo ufukwe utakapoanza kula. Vichwa vya skrubu vizamishe milimita 2 chini ya uso, vifunike kwa puti ya epoksi, si puti ya magari.

Kona za ndani jaza uji. Epoksi changanya kwanza peke yake, koroga dakika mbili kamili ukikwangua pembeni na chini ya kopo, ndipo utie unga wa mbao uliochekechwa kwa chujio la chai, ule laini wa mashine ya msasa, pamoja na silika (unga mweupe mwepesi wa kuneneshea) kidogo ili isiteremke. Kwa kubandika mbao kwa mbao iwe nzito kama mtori. Kwa kujaza kona iwe kama siagi ya karanga: ukiinua kijiti inasimama, hailali. Ivute kwa mgongo wa kijiko kikubwa, na kabla haijawa ngumu kabisa laza utepe juu yake ili vishikane bila msasa. Usitumie unga wa ngano wala wa sembe, nimeona watu wakiuliza. Unavuta unyevu na unaoza.

Kulaza kitambaa. Wakati wa kuanza ni alasiri, saa 9 hivi, siyo asubuhi. Sababu ni hewa iliyomo kwenye vitundu vya mbao. Joto likipanda hewa inatanuka na kutoka, inasukuma viputo juu kupitia epoksi uliyopaka. Joto likishuka mbao inavuta ndani, na epoksi inafuata. Kwa Julai ya Moshi anza bandani likiwa na nyuzi 24, likiteremka polepole wewe unaendelea. Jua lisipige boti.

Kitandaze kitambaa kikavu, kinyooshe kwa brashi safi kutoka katikati kwenda pembeni, ondoa nyuzi zilizojitokeza. Changanya gramu 250, si zaidi. Mimina yote mara moja juu ya kitambaa katikati ya boti, kwa mstari, usiiache kwenye kopo. Epoksi ikiwa lundo inajipasha moto yenyewe. Gramu 500 kwenye kopo refu zinaweza kuchemka, kutoa moshi na kuyeyusha kopo. Hizo hizo zikitandazwa unapata muda maradufu. Kopo likianza kuwa na joto mkononi, toa nje uliweke juu ya mchanga, usijaribu kuokoa kilichomo.

Sukuma kwa skrepa ya plastiki, ikiwa imelala kidogo, mkono mwepesi. Tazama rangi. Kitambaa kikavu ni cheupe. Rezini ikipenya kinapotea machoni, unaona mbao na mistari yake kama unatazama kupitia maji safi. Penye ukungu mweupe pana kiu, rudisha rezini kutoka panapong'aa. Panapong'aa sana kama kioo pana rezini nyingi na kitambaa kinaelea, kivute chini. Mwisho wake uso uwe na mng'ao hafifu na ukiinama uone ufumaji wa kitambaa kama mifuma ya kanga mpya. Usijaribu kujaza ufumaji siku hiyo hiyo kwa kumimina juu. Ndiyo njia ya kuelea.

Rola ya sponji usiikimbize. Inapiga mapovu, epoksi inakuwa nyeupe kama maziwa.

Baada ya saa nne hadi sita hivi, kutegemea hadina yako, bonyeza kwa kidole cha glavu. Kinanata lakini hakiachi rezini kwenye glavu? Hapo paka mpako wa kwanza wa kujaza kwa rola. Unashikana na wa chini kikemia, huhitaji msasa. Hatua hiyo hiyo ukate kitambaa kilichoning'inia pembeni kwa wembe. Kikiwa laini unakata kama ngozi, kesho yake utahitaji grenda.

Mkuku_Pasua

Ripoti ya jikoni na ya banda. Marini imepita mtihani wa kuchemsha. Plaiwudi ya milimita 6 imeachana tabaka saa ya tatu. Nabadilisha.

Nimejaribu epoksi kwenye kipande cha sentimita 30 kwa 30. Kopo linasema 100 kwa 43 kwa uzito. Nilipima vijiko 4 vya rezini na 2 vya hadina kwa sababu ilikuwa kidogo. Nilipaka saa 3 asubuhi, nikatoa nje kwenye jua saa 5 ikauke haraka. Leo siku ya pili: sehemu zimekuwa ngumu, sehemu zinanata, juu kote pana kitu kama mafuta ya mgando, na viputo vingi vidogo kama tundu za sindano. Nimewasha jiko la mkaa bandani usiku kuongeza joto. Nini kimeharibu?

Hadina_100kwa43

Vyote ulivyotaja, mkuu, kila kosa limeacha alama yake.

Kunata kwa madoadoa, hapa pagumu pale pananata, ni kukoroga. Rezini nzito inabaki imeshika ukuta wa kopo, unapomimina mwishoni ukikwangua kopo unaitoa ikiwa haijakutana na hadina. Koroga, hamishia kopo la pili, koroga tena dakika moja. Ingekuwa uwiano umekosewa, ingenata sawasawa kote. Vijiko navyo viache. Rezini nzito inabaki kijikoni, hadina nyepesi inateleza yote, hujui ulichopima.

Viputo ni jua la saa 5. FaibaSakina ameshaeleza.

Mafuta ya juu ni hadina iliyokutana na unyevu na hewa ya ukaa, ikatengeneza kitu kama nta. Baridi ya usiku inaongeza, na jiko la mkaa linaongeza zaidi, kwa kuwa moto ule unatoa vyote viwili, mvuke na hewa ya ukaa. Tena kwenye banda lililofungwa litakuua wewe kabla ya kuharibu boti, na pana thina humo. Toa jiko. Ukitaka joto tumia balbu nyekundu za kulelea vifaranga, mbili au tatu chini ya turubai lililofunika boti, mbali na nguo na makopo. Makopo ya rezini yenyewe yaweke kwenye boksi lenye balbu ndogo tangu jana yake, yakiwa na nyuzi 25 rezini inamiminika vizuri na mapovu yanapasuka yenyewe. Usiongeze thina kuilainisha. Inanaswa ndani, inachelewa kutoka, inadhoofisha na kuacha vitundu.

Nta hiyo inaoshwa kwa maji safi ya vuguvugu na ile sponji ya kijani ya kusugulia vyombo, badilisha maji mara kwa mara, kausha kwa kitambaa. Osha kwanza ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unaisukuma nta kwenye mikwaruzo na mpako unaofuata utabanduka.

Ulichopaka kikinata kote kwenye boti yenyewe, usipake kingine juu ukitumaini kitakomaa. Kikwangue chote. Ndiyo maana tunajaribu kwenye kipande.

Mati_UngaLtd

Na mikono, jamani. Epoksi mara nyingi haichomi papo hapo ikigusa ngozi, ndiyo hatari yake. Mwili unazoea vibaya kidogokidogo, siku moja unaamka umewashwa mpaka shingoni na kuanzia hapo huwezi kukaa hata chumba kimoja na kopo. Glavu za nitrili, ubadilishe zikitoboka. Ikigusa ngozi osha kwa sabuni na maji, usitumie thina, inaipenyeza ndani. Vumbi la msasa la epoksi ya siku moja au mbili ni baya kuliko la wiki, kwa hiyo subiri, au piga msasa wa maji. Barakoa ya kitambaa haitoshi.

Mkuku_Pasua

Nimewaelewa. Mawili ya mwisho: rangi, na matundu ya boliti za injini na kizibo cha kutolea maji. Nikitoboa si nimefungua njia ya maji tena?

FaibaSakina

Rangi ni lazima, epoksi haipendi jua. Bila rangi inakuwa ya njano, kisha chaki, kisha kitambaa kinajitokeza. Ngoja wiki moja, osha, msasa namba 120 hadi 180, kisha praima na rangi ya vijungu viwili (rangi na kigandishi chake) ya magari, kwa rola au brashi. Ukipuliza kwa bomba inahitaji barakoa ya chujio la kemikali na watu wote wakae mbali. Rangi ya mafuta ya milango inaweza kukataa kukauka juu ya epoksi, jaribu kwenye kile kipande chako kwanza. Chagua nyeupe au ya mwangaza. Epoksi inayoganda bila oveni huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi, na boti ya bluu iliyokoza ikipigwa jua la mchana inaweza kuvuka hapo.

Mzee_wa_Duluti

Matundu: boliti ikiwa ya milimita 10, toboa 16. Ziba chini kwa utepe wa plastiki, paka epoksi tupu ukuta wa tundu, kisha jaza uji wa mtori wenye silika mpaka juu. Kikikauka, toboa katikati kwa 10. Boliti sasa imezungukwa na milimita 3 za epoksi, haigusi mbao. Kizibo hivyo hivyo. Skrubu za reli ya pembeni hivyo hivyo.

Chini ya sakafu usisahau mikuku mitatu ya mbao ngumu, upana sentimita 4, kwa urefu wote, uibandike kwa epoksi baada ya kitambaa na uifunike ukingoni kwa bati la chuma kisichoshika kutu. Hiyo ndiyo italiwa na mawe, na ikilika unabadilisha yenyewe bila kugusa faiba. Skrubu zake nazo zipitie kwenye matundu yaliyojazwa.